Motokari Kubwa na Mgongo wa Mama

Watu wengi wananiuliza swali moja tu. Wananiuliza sokoni, wananiuliza mlangoni mwa kanisa baada ya Misa, hata mtoza kodi wa njia aliniuliza: «Wewe ni mfanya biashara ya maharagwe. Motokari kama hii, ya wakubwa, ya nini?»

Swali si baya. Gari yenyewe ni Toyota Land Cruiser, ile inayoitwa 100, ya mwaka 2004, yenye motere ya mazuti, viti vya ngozi, mbao za kung'aa karibu na volani, na kioo cha paa kinachofunguka. Rangi yake ni kijani cheusi. Zamani ilikuwa ya mkubwa mmoja wa kampuni, aliyerudi kwao Ulaya. Mimi naishi Lubumbashi. Kwetu ni Kirungu, juu ya Moba, pahali palipoitwa zamani Baudouinville. Basi jibu langu ni hili: mama yangu yuko Kirungu, na hataki kutoka.

Anayeijua njia ile hahitaji maelezo mengi. Toka Lubumbashi mpaka Kasomeno haisumbui sana. Halafu unaelekea Pweto, pale ziwa la Moero linapomwaga maji yake katika mto Luvua. Kutoka Pweto unapanda, unapanda, mpaka uwanda wa juu wa Marungu, penye majani matupu na baridi na upepo, kupita mita 2,000 pahali pengine. Unapita Pepa, kisha unaanza kuteremka kuelekea ziwa la Tanganika. Wakati wa mvua, toka Novemba mpaka Aprili, njia inakuwa mtaro. Wakati wa kiangazi inakuwa vumbi na mawe. Miaka mingi nilisafiri juu ya kamio, nimekaa juu ya magunia, siku tano, siku sita, pengine nane. Kijana anaweza. Lakini mama yangu alizaliwa mwaka 1941. Mgongo wake umelima miaka 60. Mtu wa namna hiyo humpandishi juu ya magunia.

Kwa hiyo mwaka 2016 nilinunua gari ile, dola 13,500, akiba ya miaka tisa. Yaya yangu, kaka mkubwa, alikasirika sana. Yeye alitaka ninunue Land Cruiser nyingine, ile ya kazi, ya namna ya 70, yenye sanduku la mizigo nyuma. «Ile inakula kwa jasho lake, alisema. Hii yako itakula kwa jasho lako.» Maneno yake yalikuwa na akili, wala sikumpinga mbele ya watu. Namna ya 70 ilianza kutengenezwa mwaka 1984, na mpaka leo inatengenezwa, sababu ni ngumu na nyepesi kufunguliwa. Lakini mkalishe ndani yake mama wa miaka 75, umpitishe Marungu, halafu umwulize habari za mgongo.

Niseme kidogo juu ya ukoo wa magari haya, kwa maana vijana wetu wanadhani yalizaliwa jana pamoja na viti vya ngozi. Toyota walitengeneza ya kwanza mwaka 1951, ikaitwa BJ, gari ya wazi isiyo na raha yo yote. Mwaka ule ule mjaribu magari wao, Ichiro Taira, aliipandisha mlima Fuji mpaka kituo cha sita, pahali ambapo magari yalikuwa hayajafika. Jina la Land Cruiser likaja mwaka 1954. Raha iliingia polepole, kizazi kwa kizazi. Hii yangu ya namna ya 100 ilianza mwaka 1998, ikakoma mwaka 2007. Basi usidanganywe na ngozi na mbao: babu yake alikuwa mpanda mlima.

Mbele ya kununua nilimchukua mzee fundi wangu, ambaye amefungua motere za mazuti tangu ujana wake. Yeye hakutazama viti hata kidogo. Aliwasha motere ikiwa baridi, akaenda nyuma kutazama moshi. «Moshi mweusi, alisema, ni mazuti mengi ao hewa kidogo; hiyo tunatengeneza. Moshi wa rangi ya samawati ni mafuta ya motere yanaungua, hapo tunaogopa. Moshi mweupe usiokwisha, motere ikiisha kupata joto, ni mazuti yasiyoungua, ao maji yameingia ndani. Hapo tunakwenda nyumbani.» Moshi wetu ulikuwa mweusi kidogo, kisha ukatoweka. Akafurahi.

Ndipo alipolala chini ya gari, na furaha ikapungua. Gari ile ilikuwa imeishi Ubelgiji miaka kadhaa mbele ya kuja kwetu. Huko Ulaya wakati wa baridi kali wanamwaga chumvi njiani ili barafu iyeyuke. Chumvi inarukia chini ya gari, inakaa katika pembe za chuma, inakula polepole. Juu rangi inang'aa kama sahani. Chini kuna kutu nyekundu, hasa nyuma, na juu ya mabomba membamba ya chuma. Fundi aligonga chassis kwa nyundo, akisikiliza. Mti mkuu ulikuwa mzima. Mabomba aliyasugua, akayapaka rangi, akatikisa kichwa. Mtakaonunua magari ya Ulaya, laleni chini kwanza. Viti mtavitazama baadaye.

Palikuwa na shauri kubwa juu ya motere. Motere yangu inaitwa 1HD-FTE: silinda 6, valvu 24, ukubwa wake litre 4.2, ina turbo, na nguvu zake ni farasi 204. Pompi yake ya mazuti inaongozwa na umeme na kompyuta. Iko ndugu yake mzee, 1HZ, ukubwa ule ule wa litre 4.2, bila turbo, farasi kama 130 tu, na pompi yake ni ya chuma tupu, haina kompyuta. Mafundi wengi wa kwetu wanaipenda 1HZ kama mtu anavyompenda mbuzi: inakula cho chote, inakaa po pote, ikiumwa kila mtu anajua dawa yake. Yaya aliniletea mtu aliyetaka kubadilishana: anipe 1HZ yake pamoja na fedha juu, achukue motere yangu. Fedha zile zingetosha kuezeka nyumba ya yaya.

Nilikataa, na sababu si majivuno. Ukipanda mita 2,000, hewa inakuwa nyembamba. Motere isiyo na turbo inavuta hewa kidogo, mazuti haiungui vizuri, inatoa moshi, inachoka. Turbo ni kigurudumu kidogo kinachozungushwa na moshi wenyewe wa motere, nacho kinasukuma hewa ndani kwa nguvu. Kwa hiyo huko juu haihisi sana wembamba wa hewa. Nimepita Marungu nikiyapita makamio yaliyokuwa yanalia kama wagonjwa wa pumu. Lakini turbo ina sharti lake: ukiisha kupanda mlima mkali usizime motere mara moja. Kile kigurudumu kinazunguka mbio mno, nacho hupozwa na kulainishwa na mafuta ya motere. Ukizima ghafula mafuta yanakoma, nacho kingali moto sana. Ngoja dakika moja ao mbili. Mimi nasali Salamu Maria tatu bila haraka, kisha nazima.

Adui mkubwa wa motere hii ni maji ndani ya mazuti. Njiani mazuti inauzwa katika bido, na muuzaji pengine ni mwaminifu, bido yake siyo. Ninayo chupa ya kioo. Naijaza mazuti, naisimamisha juu ya jiwe, nazungumza na watu habari za watoto na za mvua. Mazuti ni nyepesi kupita maji. Kama yako maji, yanashuka chini, unaona mstari. Nikiuona mstari, naaga kwa adabu. Tena fundi alinifungia filtri ya pili, yenye kikombe chini cha kukusanya maji, mbele ya ile ya kiwandani. Hicho ndicho kitu cha kwanza nilichoongeza katika gari hii, wala hakuna apendaye kukitazama, maana haking'ai.

Mwanangu wa kwanza yeye alitaka vinavyong'aa. Alitaka magurudumu ya inchi 20, mipira myembamba kama mkanda wa suruali, mataa 8 juu ya paa, na redio yenye kioo kama televisheni. Nilimwuliza: «Mwanangu, jiwe la Marungu likipiga gurudumu lako la inchi 20, mpira mwembamba utalizuia?» Akanyamaza. Mataa mawili nilimkubalia.

Tuliweka mipira minene. Ya kiwandani ilikuwa 275/70 kwa gurudumu la inchi 16, tuliweka 285/75. Inapanda juu zaidi ya mawe, inashika matope. Lakini jueni kwamba mpira ukiwa mkubwa saa ya mwendo inadanganya: inaposema 100 umekwenda kama 105, na kilometa zake pia zinahesabiwa pungufu. Mwenye kubadili mafuta kwa hesabu ya saa ile abadili mapema kidogo. Mkanda wa motere, ule unaounganisha juu na chini, mimi naubadili kila kilometa 100,000 wala singoji siku moja. Ukikatika, valvu na pistoni zinakutana, na hapo utalia.

Tuliweka pia bomba refu la kuvutia hewa, linalopanda pembeni ya kioo cha mbele mpaka usawa wa paa. Watu wanadhani ni kwa ajili ya mito tu. Kweli linasaidia mitoni, lakini faida yake kubwa ni wakati wa kiangazi: juu vumbi ni kidogo kuliko chini kwenye magurudumu, na filtri ya hewa inakaa safi muda mrefu. Vumbi likiingia katika motere linasaga kama msasa. Mbele tuliweka chuma kinene na mashini ya kukokota kwa kamba ya chuma. Hiyo mashini nzuri sana kwenye msitu wa Kasomeno: unafunga kamba kwenye mti, gari inajivuta yenyewe. Juu ya Marungu utaifunga kwenye nini? Hakuna miti, majani tu. Kule unachimba shimo refu, unazika gurudumu la akiba, unafunga kamba hapo. Kazi ya saa mbili, nayo inafundisha uvumilivu. Kwa sababu hiyo nilikuwa nachukua magurudumu ya akiba mawili.

Kioo cha paa nilitaka kukiziba kabisa. Pembeni mwake kuna vibomba vidogo vya kutoa maji. Vumbi linaviziba wakati wa kiangazi, na mvua ya kwanza inakunyeshea kichwani ndani ya gari ya dola 13,500. Bibi yangu akasema niviache, yeye atavisafisha kila Septemba. Anavisafisha kwa unyoya wa kuku.

Sasa nifike kwenye neno lenyewe. Raha ya gari hii haikuwa katika ngozi. Ilikuwa katika miguu yake. Haikutegemea resori tupu kama magari mengine. Kila gurudumu lilikuwa na mafuta yenye mkandamizo na kitufe cha chuma chenye hewa ya naitrojeni, na pompi moja iliyoyasukuma. Ukibonyeza kitufe gari inainuka sentimeta 4 ao 5. Ukibonyeza tena inashuka, na mama anapanda bila kuinua mguu sana. Njiani ilikuwa inaelea. Mara ya kwanza nilipomchukua mama toka Kirungu kwenda Pepa kwa mazishi ya dada yake, alilala usingizi. Mama yangu, juu ya njia ya Pepa, alilala usingizi! Nilipunguza mwendo nisimwamshe.

Mwaka 2022, nikiwa peke yangu katikati ya Marungu, bomba moja la mafuta hayo lilipasuka, mojawapo ya yale ambayo chumvi ya Ubelgiji ilikuwa imeyatafuna. Gari ikaketi nyuma kama mbwa. Nilifika Kirungu polepole mno, nikigonga kila jiwe. Tulifunga bomba, lakini vile vitufe vya naitrojeni navyo vilikuwa vimezeeka. Bila hewa yake vinakuwa vigumu kama jiwe. Vipya vinatoka Dubai, bei kali, na baada ya miaka michache vitakufa tena.

Mzee fundi akasema: «Tuondoe yote. Tuweke fimbo mpya za chuma mbele, resori mpya nyuma, na amortisere za kweli.» Akanieleza kwamba fimbo za mbele za kiwandani hazifai tena, kwa kuwa zilikuwa dhaifu makusudi: sehemu ya uzito ilibebwa na yale mafuta. Ukiondoa mafuta, lazima fimbo ziwe nene. Alinieleza pia tusiinue gari kupita sentimeta 5, maana magurudumu ya mbele ya 100 yamesimama kila moja peke yake, na vijiti vinavyoyazungusha vikiinama mno, vifuko vya mpira vinavyofunika viungo vyake vinapasuka, mchanga unaingia, viungo vinakufa.

Haya yote nilikubali. Shida ikawa resori za nyuma. Ziko za namna tatu. Za kwanza kwa gari tupu. Za pili zinabeba kama kilo 200 za mzigo wa daima. Za tatu zinabeba kilo 400 na kupita. Yaya alikuja garaje mwenyewe. «Weka za tatu, alisema. Ukirudi toka Kirungu unaleta magunia manne ya maharagwe, safari inajilipa.» Na fundi akasema kweli yake: «Za tatu hazivunjiki. Lakini ukiwa huna mzigo, gari inaruka kama jembe juu ya mwamba. Mama hatalala.»

Nilichagua za pili. Nikamwambia yaya mbele ya fundi: «Toka leo katika gari hii, watu ndiyo, magunia hapana.»

Ndugu wasomaji, ninyi mnaokaa mijini pengine hamwelewi ugumu wa neno hilo. Kwetu mtu mwenye gari hakatai gunia la ndugu yake. Gunia ni karo ya shule, ni dawa, ni bati la nyumba. Kumwambia mjomba «Gunia lako haliingii», na huku nyuma ya viti wanaona nafasi tupu, ni kama kumfungia mlango wakati wa chakula. Miaka miwili nilikataa. Niliitwa majina. Shangazi yangu mmoja alisema mbele ya watu kwamba nimenunua gari ili nibebe upepo. Nilijaribu kueleza habari za resori na kilo. Nani anasikiliza habari za resori? Mama mwenyewe aliambiwa, akaniuliza. Nikamwambia: «Mama, ni kwa ajili ya mgongo wako.» Akasema: «Mgongo wangu haukukutuma kugombana na wajomba.» Lakini sikubadili.

Mwaka 2024, mwezi wa Juni, macho ya mama yalikuwa yamefunikwa na mtoto wa jicho yote mawili. Hakuona tena njia ya kwenda kisimani. Akakubali mwisho kuja Lubumbashi kupasuliwa. Nikaenda kumchukua, pamoja na binti ya dada yangu wa kumhudumia.

Tulipofika Pepa, katekista alitusimamisha. Kulikuwa na bwana mmoja, bibi yake ana uvimbe tumboni, mganga wa dispansari amemwandikia barua ya kwenda Lubumbashi. Nikasema waingie, viti vipo. Yule bwana hakuingia. Alisimama karibu na magunia matatu ya maharagwe, kila moja kilo 100. Akasema kwa sauti ya chini: «Baba, sina fedha. Fedha za hospitali ndizo hizi.»

Nilizunguka gari mara mbili. Mama, asiyeona, aliuliza kutoka ndani: «Tunangoja nini?» Nikamweleza. Hakusema neno. Aliegemea tu kiti, akakaza nguo yake ya mabega.

Basi tulifanya hesabu chini, kwa kijiti, mimi na katekista. Resori zinachukua 200. Nyuma mlikuwa na viti viwili vya kukunja, bido tatu za mazuti, vyombo, na gurudumu la pili la akiba lenye kama kilo 40. Gari hii ina matanki mawili, moja la litre 96 na dogo la litre 45; jumla 141, nayo katika njia mbaya inakunywa kama litre 14 kwa kilometa 100. Maana yake matanki yakijaa, tunafika Lubumbashi bila bido. Tulimimina bido zote tanki mpaka juu, tukaziacha. Tulifungua viti vya nyuma, tukaviacha. Gurudumu la pili tukaliacha pia. Ilikuwa kiangazi, hakuna matope ya kuzikia gurudumu. Magunia mawili yakaingia, yamelazwa mbele iwezekanavyo, nyuma tu ya viti vya katikati, maana mzigo ukikaa nyuma kabisa unainua mbele, na volani inakuwa nyepesi. La tatu likabaki kwa katekista, angoje kamio. Yule bwana alilitazama sana gunia lile la tatu. Alihesabu kichwani mwake, nami niliona anavyohesabu. Juu ya paa sikukubali: gari ndefu yenye uzito juu, katika miteremko ya Pweto, inaanguka ubavu.

Tuliteremka kilometa 20 kwa saa, pengine 15. Yule mama mgonjwa alikuwa anauma kitambaa katika kila shimo. Mama yangu alishika mkono wake toka kiti cha mbele, amegeuka nusu, ameukunja mgongo ule ule ambao nilikuwa nimegombana na ukoo mzima kwa ajili yake. Nilimwambia akae sawa. Akasema nitazame njia. Kufika Pweto hakuweza kushuka peke yake. Tulimbeba mimi na yule bwana, tukamlaza, tukapumzika siku nzima.

Lubumbashi magunia mawili yaliuzwa siku ya pili. Nilimtafutia mnunuzi mwema, nami mwenyewe sikununua, isije ikasemwa nilifanya faida. Fedha zilitosha kulipa upasuaji, hazikutosha dawa za baadaye. Gunia la tatu lilifika baada ya wiki tatu juu ya kamio, limepungua kidogo kama ilivyo desturi ya makamio. Yule bibi alipona. Mama alipasuliwa jicho la kuume kwanza, la kushoto baada ya miezi miwili. Mgongo wake ulimwuma mwezi mzima. Alipofunguliwa kitambaa na kurudi nyumbani, alisimama uani akiitazama gari muda mrefu, akauliza kwa nini imekwaruzwa hivi ubavuni.

Yaya alikuja vile vile. Hakuleta tena habari za motere ya 1HZ. Aliinama nyuma, akapima kwa kiganja nafasi kati ya mpira na chuma, kushoto na kulia. Resori ya kushoto imeshuka kama sentimeta moja. «Unaona, alisema, ungeweka za tatu.» Fundi naye akapima, akasema itavumilia mwaka mwingine kama sitarudia.

Sasa gari iko garaje kwa ajili ya kifuko kimoja cha mbele kilichopasuka, na mkanda wa motere umekaribia kilometa zake. Mama anataka kurudi Kirungu mbele ya mvua. Wajomba wameisha kusikia habari za magunia mawili ya Pepa. Barua tatu zimefika, kila moja inataja gunia. Viti viwili vya nyuma, vya ngozi, vingali kwa katekista. Ananiandikia kwamba vizima, ameviweka barazani pasipo mvua, na watoto wake wanavikalia jioni wakisoma.